Meza ya Dadu: Tisa zilizoisha ni speli au sloti?

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi kidogo na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, watu wanapoteza hesabu ya speli (nguvu za ajabu za wahusika wao kwenye gemu) walizoandaa. Kwa mgeni wa ukurasa huu, tunaongelea gemu za mezani za kuigiza wahusika, zile mnakaa watu watano na makaratasi, penseli na dadu zenye pande hadi 20, mmoja anasimulia (huyo ndo DM), wengine kila mtu anacheza mtu wake, na mkongwe wao wote ni Dungeons & Dragons wa tangu 1974. Ukicheza mtu wa speli basi ujue na uhasibu umepewa. Haya twende.

Shikamoo Anko. Mi ni wizadi (mhusika anayesomea speli zake kitabuni) levo ya 5, tunacheza kila Jumapili kwa mshkaji Tabata. Kila asubuhi ya kwenye gemu naandaa speli 9, nikipiga moja naikata kwa kalamu. Juzi nimepiga Shield mara mbili pambano moja, mwenzangu akanirukia kwamba nachakachua, mi nikanyamaza maana kweli nilikuwa nimeshaikata, ila DM akasema ni halali, halafu hakueleza kwa sababu chips zilikuwa zimeshafika. Sasa nimekuwa nikikosea miezi mitatu au? Na nikihamia kwenye apu ya simu si itanihesabia yenyewe? (Wizadi wa Tabata)

Marahaba kijana wangu. Ndio umekosea miezi mitatu, ila umekosea kwa kujinyima mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kukudai, mwambie huyo mwenzako atulie.

Sikiliza. Mchukulie mama ntilie wa pale kwenu. Vyakula anavyojua kupika ni 14, viko kichwani. Leo asubuhi amebandika sufuria 9 tu. Na sahani anazo 9, ndogo nne, za kati tatu, kubwa mbili. Mteja akiagiza maharage anachukua sahani anapakua, ile sahani imeondoka haipo tena, ila sufuria ya maharage iko palepale jikoni, akija wa pili naye anataka maharage anapakuliwa vilevile. Sahani zikiisha ndo biashara imefungwa, hata kama sufuria zimejaa hadi juu.

Kitabu chako cha speli ndo vile vyakula 14 (wizadi anaanza na 6, kila levo anaongeza 2, hesabu mwenyewe, bado hizo za kunakili kwenye makaratasi ya kuokota). Speli ulizoandaa ni sufuria. Sloti, yaani nafasi za kupiga speli kwa siku, ndo sahani. We ulikuwa unapakua sahani moja halafu unamwaga na sufuria! Miezi mitatu.

Na wala sikucheki, maana najua ulipotegwa. Levo ya 5 akili yako ikiwa +4 unaandaa 5 jumlisha 4, yaani 9. Na sloti zako (nazo zina levo zake kama speli, tofauti na levo yako we) ni 4 za levo ya kwanza, 3 za pili, 2 za tatu, jumla 9. Tisa na tisa, mtu yeyote ataona kila speli ina sloti yake. Ukipanda levo ya 6 mtego bado upo palepale, unaandaa 10 na sloti ni 10. Kwenye kitabu kipya cha sheria cha 2024 hupigi tena hesabu ya akili, namba unaisoma kwenye jedwali, ila jedwali lenyewe nalo linasema 9 na 10 kwa levo hizohizo. Ni kama wamekusudia.

Cha kuongezea ni kwamba chakula kidogo kinaruhusiwa kwenye sahani kubwa. Magic Missile ni ya levo ya kwanza, inatoa mishale mitatu, ukiipakua kwenye sloti ya levo ya tatu inatoa mitano. Fireball, ya levo ya tatu, ndo haiingii sahani ndogo hata ufanyeje. Kwa hiyo siku levo ya kwanza zikikuishia, Shield yako bado inapigika, ila inakula sahani ya kati, hapo ndo uanze kuiogopa.

Sasa kutunza hesabu. Usikate kitu kwa kalamu tena. Nenda steshenari yoyote nunua karatasi ya manila, kata vikadi saizi ya karata, kila speli kadi yake, jina, levo, inafika umbali gani, inakaa muda gani, basi, usihamishe kitabu kizima. Ulizoandaa leo zinalala wazi mezani mbele yako. Ambazo hukuandaa zifunge na rababendi uziweke chini ya kiti kabisa, zikikaa mezani mkono utazifuata tu. Halafu sloti ni vizibo vya soda, vilevile vya drafti. Vinne vya Fanta kwa levo ya kwanza, vitatu vya Coca kwa ya pili, viwili vya tangawizi kwa ya tatu. Uso juu, sloti ipo. Ukiitumia unakigeuza. Mezani kwetu tuna sheria moja ambayo haipo kwenye kitabu chochote, unageuza kizibo KWANZA ndo unarusha dadu, kwa sababu tumeshajuana, mtu akirusha akapata 2 speli ikapotea hewani kizibo anakisahau, akipata 19 anakigeuza kwa mbwembwe meza nzima ione.

Ukipumzika kidogo na ukaamua kurudisha sloti (ile ya wizadi ya mara moja kwa siku, kwa levo yako ni sloti zenye jumla ya levo 3), unarudisha tangawizi moja, au Coca moja na Fanta moja, unaona kwa macho. Mapumziko marefu vyote vinageuka juu.

Kuhusu apu, nikwambie kitu kilichonikuta. Mwaka jana nilikuwa kleriki (mtu wa dini, speli zake ni za sala), tunacheza Sinza, hesabu zangu zote kwenye simu, nadharau wenye makaratasi. Umeme haukuwepo tangu asubuhi, simu ina asilimia nne, tuko mbele ya joka na mwenzetu mmoja kashakufa, simu ikazima. DM akaniuliza, sloti ya levo ya tatu unayo? Nikasema ninayo moja, na nilikuwa naamini kabisa. Nikapiga Revivify, speli ya kumfufua mtu, almasi ya dhahabu 300 ikaliwa, jamaa akaamka, tukashinda, shangwe hadi jirani akagonga ukuta. Nimefika nyumbani usiku nachaji naangalia, sloti za levo ya tatu sifuri. Nilishazimaliza zote chumba cha pili kule. Kwenye grupu nikasema ukweli, DM akakataa kurudisha mambo nyuma, lakini yule mhusika mpaka leo anaitwa Mzima Hewa, na tukifika mji wowote DM anauliza kama kahakikiwa.

Tumia apu kama unapenda, kwa kusoma maelezo ya speli haina mpinzani. Sloti ziache kwenye vizibo.

Anko habari. Mimi ni kleriki wa uhai, levo ya 5, busara 16, kitabu cha 2014. Shida yangu ni kuchagua. Wenzangu wanasema nikianza kuandaa speli mtu anaweza akaenda feri akavuka akarudi. Kleriki orodha nzima ni yake, sasa utachaguaje? Huwa naweka Bless, Cure Wounds, Healing Word, Lesser Restoration, Spiritual Weapon, Aid, Spirit Guardians, Revivify. Hapo nane zimeisha na kila siku naona kuna kitu nimesahau. (Dada wa Kigamboni)

Dada yangu, salama kabisa. Kabla ya kuchagua, rudi ukurasa wa domeni yako (huo uhai, tawi la ukleriki ulilochagua) usome pole pole. Kleriki wa uhai kwenye kitabu chako ana speli ambazo zimeandaliwa muda wote na hazihesabiwi kwenye zile nane: Bless na Cure Wounds, levo ya 3 zikaja Lesser Restoration na Spiritual Weapon, levo ya 5 Beacon of Hope na Revivify. Angalia orodha yako sasa. Tano umezilipia wakati ulipewa bure. Ulikuwa unaona kuna kitu kimesahaulika na kweli kilikuwepo, nafasi tano nzima!

Hizo za domeni ziandike kwa maka nyekundu kwenye kadi zake, zisitoke mezani hata siku moja, usizihesabu. Zako za kuhangaika nazo ni nane nyingine, na hapo sasa tumia akili ya kinamama wanaopika kila siku, hakuna mtu anayewaza mboga upya kila asubuhi kama vile hajawahi kula. Kaa siku moja nyumbani, sio mezani, andika orodha mbili kwenye kaunta buku. Moja ya safari na mapango, Healing Word, Spirit Guardians, Aid na za namna hiyo. Nyingine ya siku za mjini mnapoongea na watu, hapo Zone of Truth ndo inapata kazi, maana pangoni utamuuliza nani ukweli. Mkiamka DM anakuuliza, safari au mjini? Unajibu neno moja. Ukitaka kubadilisha, badilisha moja au mbili tu, basi.

Kitabu chenyewe kinasema kuandaa kunachukua angalau dakika moja kwa kila levo ya kila speli. Ukiwa na tatu za levo ya kwanza, tatu za pili na mbili za tatu hapo ni dakika 15 za sala. Mhusika wako anamaliza kabla yako dada.

Mi bardi (mwanamuziki wa speli). Kitabu cha zamani kinasema speli nazijua tu, kipya kinasema naandaa. Sasa na mi nabadilisha kila asubuhi kama kleriki? (Kijana wa Kimara)

Hapana. 2024 wameamua kuita kila kitu kuandaa ila bardi anabadilisha moja tu, tena akipanda levo. Neno limebadilika, maisha yako yaleyale. Kantripu nazo, zile speli ndogondogo, kwa vile kuna watatu wameuliza, hazili sloti na hazimo kwenye idadi ya kuandaa, usiziwekee kizibo.

Mkuu, mimi ndo DM, meza yangu ina watu wa speli watatu na naumwa kichwa. Sio sloti, sloti wanahesabu. Ni konsentresheni (speli inayotaka mtu akaze akili ili iendelee). Kleriki ana Bless inaendelea, anapiga Spirit Guardians, raundi mbili mbele mtu anarusha dadu anasema "jumlisha d4 ya Bless" (dadu ya pande nne inayoongezwa na Bless) na mimi nimeshasahau nakubali. Nikikumbuka naonekana mnoko. (DM mchovu, Mbezi)

Pole sana mkuu, kazi yako naijua, na kuna msimu niliiacha kwa sababu ya hicho hicho.

Sheria unaijua lakini niiandike kwa ajili ya wachezaji wako, uwapige picha uwatumie. Speli ya konsentresheni unashika moja tu. Ukianza ya pili, ya kwanza imekufa palepale, hamna mjadala. Ukipigwa unarusha dadu ya kuokoa kwa mwili, kufikia 10 au nusu ya maumivu uliyopata, ipi ni kubwa. Umekula 30, basi unatafuta 15. Ukizimia imekwenda.

Dawa yake ni kumnyang'anya mtu uwezo wa kusahau. Mpe kila mtu wa speli komwe MOJA ya bao, moja tu, hata akikulilia. Speli ikianza anaweka komwe juu ya kadi ya speli hiyo. Akitaka kuanza nyingine lazima ainyanyue ile komwe aihamishe, na akiinyanyua meza nzima inaona Bless imekufa, sio we tena unayesema. Ndo maana nasema moja, ukimpa mbili umerudi palepale. Kwangu ilichukua vikao viwili hivi, cha tatu wakaanza kukumbushana wenyewe kwa kelele, "komwe, komwe!", hadi nikawa natamani wasahau kidogo tupumzike.

Na ukimpiga mtu mwenye komwe, usiseme "una konsentresheni?", maana ukiuliza hivyo umempa nafasi ya kujibu hapana. Nyoosha kidole kwenye komwe.

Anko sisi hatuchezi hiyo ya kisasa, tunacheza Pathfinder ya kwanza, vitabu tulirithi kwa bro aliyesafiri. Hiyo hadithi yako ya kwamba speli haifutiki kwetu si ndo kinyume? (Wa Ubungo)

Kinyume kabisa mkuu, na asante kwa kuuliza maana yule wa Tabata angecheza kwenu asingekosea.

Pathfinder ya 2009 ilibeba sheria za toleo la tatu na nusu la D&D, na huko mama ntilie ameshapakua asubuhi. Kila sahani ina chakula chake na imefunikwa. Ukitaka Fireball mbili leo, pakua mbili. Umepakua moja ukaitumia, ya pili hakuna, hata kama una sahani nyingine ya saizi ileile, hiyo ina chakula kingine. Mtindo huu wenyewe wanauita wa ki-Vance, kwa jina la mwandishi Mmarekani Jack Vance, ambaye wachawi wake wanaikariri speli, wakiitamka inafutika kichwani. Hata Pathfinder ya pili ya 2019 wizadi wake bado yuko hivyohivyo. Mi binafsi naupenda kuliko wa kisasa, una presha, unaamka asubuhi unabeti siku yako yote, ila najua niko peke yangu mezani kwetu kwa hilo.

Kwenu kukata kwa kalamu ndo sahihi, ila kata kwa penseli. Fungua kaunta buku, piga mstari mmoja kwa kila sloti, sio kwa kila speli, andika jina mbele yake. Fireball mbili ni mistari miwili. Ikitumika weka tiki. Kesho yake usifute ukurasa, anza mwingine, baada ya vikao vitano unafungua nyuma unaona kuna speli umeiandaa kila siku na haina tiki hata moja. Mimi nilikuwa na Feather Fall (ya kuanguka taratibu bila kuumia) ya namna hiyo, nilibeba mwaka mzima. Nikaitoa Jumamosi, Jumapili tukaangushwa kwenye daraja.

Na kumbuka wizadi wenu anaruhusiwa kuacha sloti wazi asubuhi akaja kuijaza baadaye, anahitaji kama dakika 15 za utulivu na kitabu chake. Watu wengi hawaitumii hii. Acha mstari mmoja mtupu.

Anko shikamoo, hii sio ya sheria. Mama amekuta daftari langu juu ya friji, ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa UCHAWI WA LEO, chini yake orodha, moja imeandikwa KUONGEA NA MAITI. Hajanigombeza, ila tangu Jumatano ananiangalia. Na nimesikia anaongea na shangazi kwa sauti ya chini. (Mwanafunzi, Mwenge)

Marahaba mwanangu, na pole, ingawa nimecheka hadi chai imemwagika.

Hauko peke yako. Marekani miaka ya 80 wazazi waliiandama hii gemu kwa mambo ya ushetani, hadi toleo la pili la 1989 likaja bila maneno demon na devil, wale viumbe wakapewa majina mengine kabisa. Hiyo ni Marekani, sasa fikiria Mwenge. Ndo sababu meza nyingi za hapa mjini utasikia watu wanasema speli, hatusemi uchawi, hasa tukiwa sebuleni kwa mtu. Tulijifunza siku mwenzetu alipopaza sauti "mi uchawi wangu umeisha, nipeni nilale nirudishe" na mama mwenye nyumba yuko dirishani anaanika nguo.

Usimsubiri shangazi aje, akija atakuja na mtu wa maombi. Leo jioni kabla ya taarifa ya habari mpelekee mama daftari mwenyewe, pamoja na dadu na vizibo, mwambie ni gemu, mwoneshe ulivyo na sahani nne ndogo, tatu za kati na mbili kubwa, tumia ule mfano wa mama ntilie, mama yeyote ataelewa kabla hujamaliza na pengine atakuuliza mbona unapika vingi kuliko sahani. Ile ya maiti mweleze kwamba maiti anajibu maswali matano tu na mara nyingi majibu hayaeleweki, inatumika kutafuta muuaji, kama kwenye tamthilia anazoangalia. Mwache arushe ile dadu ya pande 20 mara moja.

Halafu chana ukurasa wa kwanza uandike upya SPELI ZA JUMAPILI, weka na jina la mhusika wako juu. Na daftari lisikae juu ya friji.